Kiwanda kimehamia nje: nani bado ana haki ya TAA Marekani, na asiye nayo aanzie wapi

Trade Adjustment Assistance, TAA kwa kifupi, ni mpango wa serikali ya Marekani ulioanza 1962 kwa wafanyakazi wanaopoteza kazi kwa sababu bidhaa za nje zimeua soko la kiwanda chao, au kazi imehamishiwa nchi nyingine. Tangu tarehe 1 Julai 2022 Wizara ya Kazi haithibitishi makundi mapya ya wafanyakazi. Mtu akitaka pesa ili akufungulie ombi la TAA leo, usimpe hata senti. Ila waliothibitishwa zamani bado wapo, na baadhi yao hawajui kwamba wamo.

Kwanza tafuta uthibitisho wa TAA wa kampuni yako, kwani TAA huthibitisha kundi la wafanyakazi kabla ya kumwangalia mtu mmoja mmoja. Ingia kwenye tovuti ya Wizara ya Kazi, tafuta kwa jina la kampuni na jimbo. Namba ya faili huanza na TA-W. Fungua uamuzi wenyewe na usome aya ya mwisho polepole: hapo ndipo pameandikwa kiwanda gani, mji gani, na walioachishwa kuanzia tarehe ipi hadi ipi. Tarehe ya kuanzia kwa kawaida ni mwaka mmoja kabla ya ombi kuwasilishwa. Angalia pia kama yametajwa makampuni ya wakala wa ajira. Wengi wetu tuliingia viwandani kupitia wakala, tukadhani msaada ni wa walioajiriwa moja kwa moja tu. Jina la wakala wako likiwemo, nawe umo.

Kisha linganisha na tarehe yako. Ni lazima uwe uliachishwa, au ulipunguziwa kazi, kabla ya 1 Julai 2022. Kupunguziwa maana yake saa za wiki na mshahara, vyote viwili, vilishuka hadi asilimia 80 ya wastani wako au chini yake. Chukua hati za mshahara uende American Job Center (ofisi ya umma inayosaidia watafuta kazi) iliyo karibu nawe, uulize mafunzo yaliyobaki. Posho ya kila wiki, iitwayo TRA (si mamlaka ya kodi ya Tanzania), ni ngumu zaidi: ilidai wiki 26 za kazi ndani ya wiki 52 kabla ya kuachishwa, kila wiki ukiwa umelipwa angalau dola 30, na kujiandikisha mafunzoni ndani ya wiki chache zilizowekwa baada ya kuachishwa au kundi kuthibitishwa. Muda huo umewapita wengi.

Uliyeachishwa tangu 1 Julai 2022, njia yako ni mafao ya kukosa kazi ya jimbo lako. Omba wiki ileile ya kwanza, maana kwa kawaida hesabu huanza wiki uliyoomba, si siku uliyofukuzwa. Andaa namba ya Social Security, kibali cha kazi kama si raia, na majina, anwani na tarehe za waajiri wote wa miezi 18 iliyopita. Kwenye sababu chagua "Laid off" (umeachishwa), si "Quit" (umeacha mwenyewe), na usisaini barua ya kujiuzulu hata ukiambiwa ni utaratibu tu.

Kwa watu wa wakala kuna mtego. Mwajiri wako ni wakala, si kiwanda. Andika jina lake. Majimbo mengi hukuhesabu umeacha kazi mwenyewe usipompigia wakala kuomba kazi nyingine baada ya ile kuisha. Mpigie, uandike siku na saa.

Katika American Job Center omba pia usajiliwe kama "dislocated worker" (aliyepoteza kazi bila kosa lake) chini ya WIOA, sheria ya mafunzo na ajira ya 2014, ambayo inaweza kulipia mafunzo. Mwanamume kwa kawaida atahitaji uthibitisho wa Selective Service, yaani daftari la wanaoweza kuitwa jeshini. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, ni haki yako. Usimtumie mtoto wako.

Ukikataliwa, kata rufaa mapema: siku ni chache, na huhesabiwa kuanzia tarehe iliyo kwenye barua. Wakati rufaa inasubiri, endelea kujaza fomu ya kila wiki. Ukishinda, wiki ambazo hukuzijaza huenda usilipwe.