Daftari ya chama kwa mathe: gugu maji ndani, leso nje

Mathe, yaani mama yangu, ndiye mweka hazina wa chama chao cha kuchanga pesa hapa Kisumu, na kila mwaka anaanza na daftari mpya ya dukani, ikifika Aprili jalada limetoka na michango ya watu inashikiliwa na pegi ya nguo. Bathdei yake ilipokaribia nikaona badala ya keki wacha nimshonee daftari. Nimeshashona kama tisa hivi tangu hiyo ya kwanza, kwa hivyo makosa mengi nimekufanyia tayari, we fuata tu.

Kwanza tafuta gugu maji, ndiyo inatoa karatasi ngumu ya ndani ya jalada, leso inakuja juu yake. Ziwa limejaa hiyo kitu tangu mwanzo wa miaka ya 90, hutakosa. Lakini usiingie majini kuyang'oa mwenyewe, konokono wa kichocho wanapenda sana kukaa kwa hayo mashina na kiboko naye hakupigii hodi. Nenda ufuo wa Dunga asubuhi uongee na mtu wa mashua akuvutie gunia moja. Gunia litaonekana jingi, ngoja likauke, zaidi ya asilimia 90 ni maji, unabaki na kitu ya karatasi chache tu. Majani na mizizi tupa, unataka mashina peke yake, yakate vipande vya sentimita 2 au 3.

Sasa kuchemsha, na hapa nisikilize vizuri. Tia magadi, vijiko viwili vikubwa kwa lita tano za maji, halafu chemsha masaa mawili au zaidi mpaka ukivuta shina linaachana nyuzi nyuzi bila kubishana. Usitumie sufuria ya kawaida! Sufuria zetu nyingi ni alumini na magadi ikichemka inaila alumini. Mimi nilichukua ile kubwa ya mathe ya kupikia wageni, ikatoka nyeusi ndani tititi, nikaisugua na stili waya mpaka mikono ikauma na bado alijua. Tumia debe la chuma, na pikia nje kwa sababu harufu yake si ya kuishi nayo.

Suuza na maji mengi mpaka utelezi uishe. Twanga kwa kinu, ama blenda ukiwa nayo, ila konzi moja ya nyuzi kwa blenda ya maji, ukijaza sana mota inaungua. Changanya nusu kwa nusu na karatasi za zamani (za ekzasaizi ni nzuri kuliko gazeti) ulizoloweka usiku kucha ukasaga. Gugu maji peke yake inakauka ngumu na inajikunja kama chipsi.

Fremu: mafundi wa vitanda pale soko la Kibuye wanatupa vipande vya mbao kila siku, omba. Piga fremu mbili sawa, nafasi ya ndani sentimita 24 kwa 33, moja uivutie neti ya mbu ikaze kama ngoma. Mwaga uji wako kwa beseni pana, weka fremu tupu juu ya yenye neti, zamisha ukiinamisha kidogo, inua ikiwa imelala sawa, tikisa mara moja kushoto kulia halafu acha, maji yakishaanza kushuka usitikise tena utatoboa. Toa fremu ya juu, pindua karatasi juu ya kipande cha blanketi kuukuu, kamua na sponji nyuma ya neti kisha inua neti polepole kuanzia upande mmoja. Funika na kitambaa, weka ubao na mawe mazito juu, usiku mzima. Kukausha ni kivulini, jua la Kisumu linaikunja, na mvua ya jioni hapa haipigi simu, kwa hivyo usiache nje ukaenda taoni.

Leso. Chukua yake yeye, ile imechakaa, mimi nilichukua ya kufunikia maandazi. Fua, kausha, piga pasi. Kata dirisha la 22 kwa 31 kwenye gazeti, litembeze juu ya leso mpaka upate sehemu inakupendeza, hii inasaidia sana kuliko kukisia. Mimi nilitaka jina yote ya leso, yale maandishi, MAMA NIPE RADHI KUISHI NA WATU KAZI, ila maandishi ya leso ni marefu kuliko daftari, na tena ukikunja jalada nusu ya kushoto ndiyo inaenda nyuma. Sikuwaza hiyo. Mbele ya daftari ya chama ikabaki WATU KAZI, kubwa, nyekundu. Mathe alicheka akakataa nisibadilishe.

Kata leso 26 kwa 35. Karatasi ya gugu maji ikate 22 kwa 31, ipake gluu nyeupe ya mafundi wa mbao, nyembamba, ibandike katikati upande wa nyuma wa leso, kunja kingo za sentimita 2 ndani ubandike. Gluu ya unga wa ngano iko sawa lakini mende wataila, huku kwetu usijaribu. Weka chini ya vitabu vizito mpaka ikauke.

Ndani tumia A4 za kawaida, 12, zikunje katikati pamoja upate kurasa 48. Usitumie karatasi ya gugu maji kwa kurasa, wino unasambaa na michango ya watu haitasomeka. Toboa matundu matano kwenye mkunjo: sentimita 2.5, 6.5, 10.5, 14.5 na 18.5 kutoka juu, kwenye jalada ongeza nusu sentimita kwa kila moja. Uzi ni wa fundi viatu, sentimita 60 hivi, upitishe kwa nta ya mshumaa.

Yahesabu matundu 1 mpaka 5. Anza ndani: toka 3, ingia 2, toka 1, rudi ingia 2, ruka 3 utoke 4, ingia 5, toka 4, ingia 3. Ncha mbili zikae moja kila upande wa ule uzi mrefu wa katikati, vuta sambamba na mkunjo (ukivuta kwenda juu karatasi inachanika), funga fundo mara mbili.

Kipande cha leso kinachobaki kishone kamba ya kufungia, na uache kitundu cha kalamu, kalamu za chama huwa zinaenda na watu.