Insha ya Chuo Inaanza Pale Mtu Anapoweza Kukubishia

Nina steshenari Malimbe, Mwanza, jirani na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na kabla ya hapo nilifundisha sekondari. Kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza zinapita mikononi mwangu kila muhula, na wengi huniomba niwasomee kabla sijaprinti. Karibu wote nawaambia neno lile lile: mdogo wangu, humu habari zimejaa, ila hoja sijaiona.

Tuchukue swali la hapa kwetu: jadili athari za kupandikizwa kwa sangara, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, katika Ziwa Viktoria. Wengi watajaza kurasa kwamba ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, kwamba sangara aliletwa kuanzia miaka ya 1950, kwamba miaka ya 1980 alizaana mno na aina nyingi za furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zikatoweka. Yote kweli, na hakuna atakayebisha. Ndiyo shida yenyewe. Swali limesema jadili, halikusema orodhesha, kwa hiyo mhadhiri anataka kujua wewe umesimama upande gani.

Sasa sikiliza hii: sangara alileta fedha nyingi mwambaoni, lakini aliyepoteza ni kaya iliyozoea kupata kitoweo cha samaki wadogo kwa bei nafuu. Mwenye kiwanda cha minofu atakupinga. Mchuuzi wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba naye ana lake. Hiyo ndiyo hoja. Iandike kwa sentensi moja, ibandike juu ya meza yako.

Kabla hujaandika kwa Kiingereza, mwelezee mwenzako wa chumbani kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma kama ndicho mnachobishania vizuri. Mwambie akuulize "kwa nini?" kila unapotulia. Pale utakapokwama ndipo pa kwenda kusoma zaidi maktaba.

Kwenye aya, usichanganye mambo. Sentensi ya kwanza idai kitu, zinazofuata zilete ushahidi, kisha ueleze ushahidi huo unathibitisha nini. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa sana. Mwanafunzi anaandika kuwa viwanda vilisafirisha minofu Ulaya na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, yakauzwa kwa wananchi, halafu anahamia aya nyingine. Bado! Niambie kwamba sehemu yenye nyama ilikwenda kwa mwenye fedha zaidi, na kwamba hilo ndilo linalotia nguvu dai lako kuhusu kitoweo.

Halafu mpe nafasi anayekupinga, tena mpe hoja yake ikiwa na nguvu zote. Atasema furu hawakumalizwa na sangara peke yake: mbolea, udongo na maji machafu kutoka nchi kavu viliongeza mwani, hewa ikapungua kwenye maji ya kina, uvuvi nao ukazidi. Ni kweli, kwa hiyo ikubali, kisha rekebisha hoja yako: sangara alikuwa sababu kubwa, hakuwa sababu pekee. Mimi hapo ndipo ninapomtambua mwanafunzi aliyefikiri. Insha isiyokubali chochote cha upande wa pili hainishawishi hata kidogo.

Utangulizi uandike mwisho, ukishajua umesema nini. Mfupi unatosha, usianze na historia ya dunia.

Vyanzo: andika jina la mwandishi, mwaka na ukurasa papo hapo unaposoma. Kukopi na kupesti kutoka intaneti ni wizi wa kitaaluma, na mhadhiri aliyesoma kazi zako mbili tatu anaijua sauti yako.

Mwishowe soma kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi, igawe mara mbili. Fanya hivyo siku moja kabla ya kukusanya, na faili ulitume pia kwenye barua pepe yako, maana flashi huharibika na umeme hukatika, na foleni yangu siku ya mwisho hufika barabarani.