Madoa Meupe kwa Samaki wa Mapambo: Kuyatambua na Kuyatibu

Samaki wa tangi la kioo anapojikuna kwenye mawe, kuhema haraka au kubana mapezi, wafugaji wengi hukimbilia dawa. Pima maji kwanza. Amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, huunguza ngozi na mashavu, na samaki aliyeungua hujikuna sawasawa na mwenye vimelea. Ukimtilia dawa unamwongezea mzigo. Katika tangi lililokomaa, yaani lenye bakteria wa kutosha wa kuvunja uchafu, amonia na naitraiti (sumu inayotokana na amonia hiyo) zote zinapaswa kusoma sifuri. Zikizidi hapo, badilisha theluthi hadi nusu ya maji siku hiyohiyo, acha kulisha kwa siku mbili, kisha pima tena.

Kipimo cha amonia kisomwe pamoja na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Katika joto lilelile, kiasi cha amonia iliyo sumu kali kwenye pH 8 ni takriban mara kumi ya kile cha pH 7. Kwa hiyo wanaofuga samaki wa miamba wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, waliozoea pH ya juu ya 8, wasipuuze hata usomaji mdogo. Maji ya bomba nayo yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi yakipuliziwa hewa kwa saa 24 hadi 48, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Kama mamlaka yenu ya maji hutumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), kuyaacha wazi hakutoshi. Dawa ni lazima.

Maji yakiwa safi na dalili zikaendelea, mchunguze samaki kwa tochi kutoka ubavuni. Ugonjwa wa madoa meupe huonekana kama punje za chumvi, kila punje peke yake, isiyozidi milimita moja, kwenye mapezi na mwilini. Mara nyingine vimelea huanzia kwenye mashavu, ukaona samaki anahema juu ya maji bila doa hata moja. Vumbi laini la rangi ya dhahabu ni ugonjwa mwingine, wa vimelea vinavyotumia mwanga. Huo hutibiwa tangi likiwa limefunikwa gizani. Baka la kijivu mdomoni, au lililokaa mgongoni kama tandiko, ni la bakteria, na huweza kuua ndani ya siku moja au mbili. Hapo usipandishe joto, kwa sababu bakteria hao huzaana kasi zaidi kwenye maji ya moto. Na dume la samaki wa dhahabu hutoa vidoa vyeupe kwenye vifuniko vya mashavu na ukingo wa mapezi ya mbele wakati wa kuzaliana. Huyo ni mzima, mwacheni.

Kimelea cha madoa meupe huitwa kitaalamu Ichthyophthirius multifiliis. Doa unaloliona limo chini ya ngozi, na dawa haifiki huko. Kikikomaa huanguka chini, hujifunika kwenye changarawe na kujigawa hadi kutoa mamia ya watoto, ambao huogelea kutafuta samaki. Wasipompata ndani ya siku mbili hivi, hufa. Dawa huua hawa waogeleaji tu. Ndiyo sababu siku ya tatu ya tiba madoa huweza kuongezeka, mfugaji akadhani dawa imeshindwa. Na ndiyo sababu madoa yakitoweka siku ya tano ugonjwa bado umo kwenye changarawe. Anayeacha tiba hapo huuona ukirudi ukiwa mkali zaidi. Kwenye nyuzi joto 25 mzunguko mzima huchukua takriban wiki moja, na maji yakiwa baridi hurefuka sana.

Tiba ya nyumbani ni chumvi na joto. Anza kwa kujua ujazo halisi wa maji. Zidisha urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, kisha toa kama asilimia 10 kwa ajili ya mawe na changarawe. Tangi lenye maji ya sentimita 90 × 40 × 40 ni lita 144, hesabu 130. Kwa gramu 2 za chumvi kwa lita utahitaji gramu 260. Tumia chumvi ya mawe isiyo na kitu kingine, ipime kwa mizani, iyeyushe kwenye ndoo, uitie kwa mafungu matatu, moja kila baada ya saa 12. Samaki wagumu kama mollies na guppies huvumilia hadi gramu 3. Kambale wadogo wasio na magamba na tetra wabaki kwenye gramu 1. Mimea hai mingi itaharibika, hivyo ihamishe.

Pandisha joto nyuzi 1 kila baada ya saa 4 hadi ufike 30. Joto hili huzuia kimelea kuzaana na huharakisha kile kilicho mwilini kudondoka. Samaki wa dhahabu wasifikishwe huko. Wao watibiwe kwa chumvi. Kosa kubwa tunaloliona ni kupandisha joto bila kuongeza hewa. Maji ya nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hubeba 7.5, na mgonjwa mashavu yake tayari yameharibika. Ongeza jiwe la hewa (kifaa cha kutoa viputo) kabla ya kugusa hita. Umeme ukikatika, chota maji kwa jagi na uyamimine kutoka juu, tena na tena, au uwe na pampu ya betri.

Kila baada ya siku mbili nyonya changarawe kwa mpira na ubadilishe theluthi ya maji, maana hapo ndipo vimelea vilipojificha. Maji mapya yatiwe chumvi kwa kiasi cha lita ulizotoa tu: ukitoa lita 40, rudisha gramu 80. Chumvi haipotei hewani. Anayerudishia kipimo kizima kila mara huishia kuua samaki. Endelea siku 14 bila kukatisha. Usimtoe mgonjwa peke yake ukaacha wenzake bila tiba, kwani tangi zima lina vimelea.

Dawa za dukani zenye malachite green hufanya kazi, lakini toa mkaa kwenye kichujio kwanza, la sivyo utafyonza dawa yote. Samaki wasio na magamba wapewe nusu ya kipimo, na wewe vaa glavu. Dawa hiyo isifike kamwe kwenye bwawa la sato au kambale wa kuliwa: imepigwa marufuku kwa samaki wa chakula katika nchi nyingi.

Majeraha ni mepesi zaidi. Mtenge aliyejeruhiwa kwenye maji safi yenye gramu 1 hadi 2 za chumvi kwa lita, na uondoe kilichomuumiza: jiwe lenye makali au mwenzake mgomvi. Pezi hukua tena ilimradi shina lake halijaliwa.

Aliyevimba magamba yakasimama mwili mzima mara chache hupona. Akiwa anateseka, mwache afe kwa upole: tikisa mafuta ya karafuu kwenye chupa ya maji ya vuguvugu, uyatie kwenye chombo chake kwa mililita 0.4 kwa lita, na umwache humo hadi nusu saa ipite tangu mashavu yalipoacha kutikisika.

Samaki mgeni akae karantini wiki nne, na neti na mpira wake wa kunyonyea. Maji ya mfuko aliokuja nao yamwagwe nje, yasiingie tangini. Mwenye kidonda mkononi avae glavu: kifua kikuu cha samaki huambukiza binadamu kupitia mchubuko.