Kuendesha majaribio yanayohusika na badiliko tu

Mradi wa programu unapokua, msanidi aliyegusa mstari mmoja hujikuta akingoja maelfu ya majaribio (programu ndogo zinazokagua kama msimbo unafanya kazi ipasavyo) yasiyohusiana kabisa na mstari huo. Dawa yake ni kuchagua, lakini uchaguzi uanzie kwenye badiliko lenyewe, si kwenye hisia za mtu kuhusu jaribio lipi lina umuhimu.

Anza kwa kupata orodha ya faili zilizobadilika. Katika Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, amri `git diff --name-only main...HEAD` hutoa majina ya faili zilizoguswa na tawi lako, yaani mkondo wako wa kazi uliotengwa, tangu lilipoachana na tawi kuu (`main`). Orodha hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu hitilafu huweza kujitokeza katika faili yoyote inayotegemea ile uliyoibadilisha. Tuseme umerekebisha `kodi.py`: majaribio yake yataendeshwa bila ubishi, lakini ikiwa `ankara.py` inatumia `kodi.py`, na `ripoti.py` nayo inatumia `ankara.py`, basi majaribio ya faili zote tatu yanakuhusu, hata kama hukuifungua `ripoti.py` mwaka mzima.

Mnyororo huo si wa kufuatwa kwa mkono. Kwa JavaScript, amri `jest --findRelatedTests` ya zana ya majaribio iitwayo Jest ikifuatiwa na majina ya faili huutafuta yenyewe. Kwa Python, pytest-testmon, programu-jalizi (nyongeza) ya zana ya majaribio ya pytest, hurekodi sehemu za msimbo zilizopitiwa na kila jaribio, kisha huendesha yale tu yaliyoathirika. Anayetumia Go ana nafuu hii tayari, kwani `go test ./...` hutumia tena matokeo yaliyofaulu ya vifurushi ambavyo havikubadilika.

Tatizo kubwa, na ndilo linalopuuzwa zaidi, ni utegemezi usioonekana ndani ya msimbo. Faili ya mipangilio, muundo wa hifadhidata au toleo jipya la maktaba katika `requirements.txt` (faili ya Python inayoorodhesha maktaba zinazotumika) linaweza kuvunja mambo ambayo zana hizi hazikuyaona. Kwa hiyo andika bayana orodha ya faili ambazo, zikiguswa, majaribio yote yataendeshwa bila kuchagua.

Majaribio yote yaendeshwe pia kabla ya kuunganisha tawi lako na tawi kuu, au angalau kila usiku. Yakinasa kosa lililopita kwenye uchaguzi, usiishie kulirekebisha. Tafuta utegemezi uliosahaulika na uuongeze kwenye orodha hiyo siku hiyohiyo.