Somo: Sindano za akupancha pamoja na mazoezi kwa maumivu sugu ya shingo

Ndugu zangu, nimeamua kuliandika somo hili mara moja na kwa ukamilifu, kwa sababu kila wiki naulizwa jambo lile lile: je, sindano za Kichina zinaponya shingo? Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa nimefanya kazi chumba kimoja na mtaalamu wa akupancha, yeye akichoma sindano nami nikisimamia mazoezi. Nilichojifunza ni kwamba sindano hupunguza maumivu kwa muda, mara nyingi kwa siku chache tu, na siku hizo chache ndizo za kuizoeza shingo kazi iliyoiacha. Anayechomwa sindano bila mazoezi hurudi pale pale, na anayelazimisha mazoezi wakati shingo inawaka hukata tamaa mapema.

Ninazungumzia maumivu yaliyodumu zaidi ya miezi 3.

Hatua ya 1. Hakikisha shingo yako inafaa tiba hii. Nenda hospitali kwanza ikiwa maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda. Ikiwa mikono imepoteza nguvu au unahangaika kufunga vifungo vya shati. Ikiwa miguu inayumba au mkojo haushikiki. Na ikiwa kuna homa, jasho la usiku au kupungua uzito, kwani kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo kwetu.

Hatua ya 2. Chagua mtaalamu aliyesajiliwa. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, inayosimamia usajili. Omba kuona cheti bila kuona haya. Pakiti ya sindano ifunguliwe mbele yako, na kila sindano itumike mara moja tu.

Hatua ya 3. Kula kabla ya kwenda. Wenye njaa huweza kuzimia. Mweleze pia kama una ujauzito, una kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Hatua ya 4. Uchomaji. Utalala, na sindano nyembamba zitakaa dakika 20 hadi 30. Sehemu zinazotumika sana kwa shingo ni Fengchi, yaani vishimo viwili chini ya fuvu kisogoni; Jianjing, juu ya bega; na Houxi, pembeni ya kiganja upande wa kidole kidogo. Utahisi uzito au ganzi kidogo. Ukihisi mkato mkali kama umeme, sema papo hapo. Kuhusu Jianjing kuna onyo: ncha ya pafu imekaa chini ya sehemu hiyo, kwa hiyo sindano haipaswi kwenda kina. Ukibanwa pumzi au ukisikia kifua kinachoma saa chache baada ya tiba, au hata kesho yake, usisubiri, nenda hospitali.

Hatua ya 5. Kusogeza shingo huku sindano ikiwa mkononi. Sindano za shingo zikishatolewa, mwenzangu huiacha ile ya Houxi, nami humwomba mgonjwa akae, ageuze kichwa polepole kulia na kushoto, mara 10, akiishia pale panapoanza kukaza. Kichwa hakigeuzwi kamwe sindano zikiwa bado shingoni.

Hatua ya 6. Zoezi la kuitikia. Lala chali, magoti yamekunjwa, kanga iliyokunjwa ikiwa chini ya kichwa. Shusha kidevu kidogo sana, kama mtu anayeitikia "ndiyo" asitake jirani amwone, kisha kaa hapo sekunde 10. Rudia mara 10. Weka vidole viwili upande wa mbele wa shingo: ile misuli minene inayoteremka kutoka nyuma ya sikio hadi juu ya kifua ibaki laini. Ikisimama kama kamba, umetumia nguvu nyingi, na misuli midogo iliyolala mbele ya pingili za shingo, ambayo ndiyo tunayoitafuta, imekaa bure.

Hatua ya 7. Kuongeza uzito, na kosa nililolifanya. Hapa naomba msome taratibu. Miaka ya mwanzo nilimpokea mama mmoja, fundi cherehani, ambaye shingo ilimsumbua mwaka mzima. Kwenye siku yake ya tatu ya sindano maumivu yalishuka kutoka 7 hadi 2 kati ya 10, akageuza kichwa hadi kidevu kikakaribia bega, akacheka kwa furaha. Nami nikafurahi kupita kiasi: saa ile ile nikampa mpira wa kuvuta, seti 3 za mara 15, na kunyanyua kichwa akiwa amelala. Alifanya yote bila kulalamika. Asubuhi yake hakuweza kugeuka kumwangalia mwanawe, akaamini sindano ndizo zilizomharibu, na tulipoteza wiki mbili kabla hajakubali kuguswa tena. Sindano hazikuwa na kosa. Zilikuwa zimeizima kengele inayomwambia mgonjwa "inatosha", nami nikambebesha mzigo wakati kengele haisikiki. Tangu siku hiyo nina kanuni tatu ambazo sizivunji. Siku ya sindano ni ya hatua ya 5 na ya 6 peke yake. Mpira na uzito huanza siku inayofuata au baadaye, kwa seti moja. Na kinachoamua kama tuongeze ni hali ya shingo asubuhi inayofuata, si raha ya saa ile baada ya sindano; asubuhi ikiwa mbaya kuliko jana, punguza nusu, usiache kabisa.

Hatua ya 8. Muda. Sindano mara moja kwa wiki, wiki 6 hadi 8, kisha acha. Mazoezi ya nguvu mara 3 kwa wiki, na haya hayana kikomo cha wiki 8. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia wanawake 180 wa kazi za ofisini kwa miezi 12, na waliofanya mazoezi ya nguvu au ya ustahimilivu walipata nafuu kubwa kuliko kundi la kulinganishia. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, wa Aprili 2021, kuhusu maumivu sugu yasiyoelezwa na ugonjwa mwingine, unapendekeza mazoezi, na unaruhusu kozi moja tu ya akupancha.

Maswali ya wanachama

Kijana wa Tabata: Nichomwe sindano ngapi nipone kabisa? Mazoezi sina muda nayo.

Jibu: Basi hifadhi pesa yako. Soma hatua ya 8.

Mteja Mpya: Sindano nimeziona zinauzwa mtandaoni. Naweza kujichoma mwenyewe begani?

Jibu: Hapana. Soma hatua ya 4, mstari wa pafu.

Bibi Shamsa: Samahani mtaalamu, nimesoma yote. Nashangaa, sindano ya mkononi inaifikiaje shingo?

Jibu: Shikamoo bibi, na asante kwa swali zuri. Wachina wa kale walieleza kwamba Houxi iko kwenye njia inayopanda kutoka kidole kidogo, ikapita begani hadi shingoni. Maelezo ya kisasa ni kwamba sindano inayogusa hisia za neva popote mwilini huamsha mfumo wa ubongo na uti wa mgongo unaopunguza maumivu, na mgonjwa asiyeogopa tena hugeuza shingo mbali zaidi. Nikuambie ukweli wote: majaribio yaliyolinganisha sindano halisi na za kuigiza mara nyingi hukuta tofauti ndogo. Lakini jaribio la York, Uingereza, lililochapishwa mwaka 2015 likiwa na wagonjwa 517, lilikuta kwamba waliopewa hadi vipindi 12 vya akupancha walikuwa na nafuu zaidi baada ya mwaka kuliko waliobaki na matibabu ya kawaida. Nafuu hiyo si muujiza, ila inatosha kuanzia mazoezi.

Dokta Mtaa: Kwa hiyo umekiri ni imani tu. Unawatapeli watu.

Jibu: Nimeandika matokeo kama yalivyo, pamoja na yale yasiyonipendeza. Anayetapeli huyaficha. Ukiwa na hoja kuhusu hatua yoyote, itaje kwa namba yake.

Fundi Juma: Mimi pia ni fundi cherehani. Je, kuna la kubadilisha mezani?

Jibu: Lipo, kaka. Usikishushe kichwa kukifuata kitambaa. Sogeza kiti karibu, inua mashine kwa vipande vya mbao hadi uone sindano huku mgongo umenyooka, na taa iwe upande wa mbele yako. Kila ukimaliza kushona mshono mmoja mrefu, vuta mabapa ya mabega nyuma mara 5. Yule mama niliyemtaja alifanya hivyo, na bado anashona.

Msomaji Mpya: Nina ganzi vidole na mkono hauna nguvu. Nianze na mpira wa aina gani?

Jibu: Hatua ya 1, ndugu yangu. Hospitali kwanza, leo, mpira baadaye.

Mama Neema: Mwalimu, kijijini kwetu maji ni kichwani. Ndoo ya lita 20. Je, niache?

Jibu: Pole mama, na umeuliza jambo ambalo vitabu vyangu vya chuo havikulitaja. Ndoo hiyo ni kilo 20 juu ya pingili 7. Kwa wiki 6 za mwanzo tafuta toroli au baiskeli, au mwenye nguvu akubebee. Ukirudi, anza na dumu la lita 5 kwa safari fupi, ulaze kata vizuri katikati ya utosi, utwishwe na mtu mwingine badala ya kujitwisha, maana wengi huumia pale wanapoinua na si wanapotembea. Ongeza lita 5 kila baada ya wiki mbili, ilimradi asubuhi inayofuata shingo haijakaza. Ikifika lita 10 ikaanza kukaza, baki hapo na uende mara mbili.