Jua ya saa moja haitoshi: vile ya kupatia batoto vitamini D hapa Goma

Hapa Goma katoto kakizaliwa, kila asubuhi saa 1 mama anakatoa inje kaote jua, kamefungwa mu bulangeti na kofia na soksi, inabaki tu kapua njo kanaonekana. Kuota jua si mubaya, kanapata joto na mama naye anapumua kidogo, lakini kwa vitamini D pale karibu hakuna kitu. Vitamini D inatengenezwa na ngozi yenyewe wakati mionzi banaita UVB inaigusa, na jua ikiwa ingali chini ile mionzi inapita mu hewa mingi sana, karibu yote inaishia mu njia. Na hata ingefika, ingekuta bulangeti.

Kwa batoto benye banatembea, kipimo ni kivuli. Simamisha mutoto mu parsele, angalia kivuli yake. Kama iko murefu kuliko yeye, jua ingali ya kuota tu. Kama iko mufupi kuliko yeye, UVB inafika. Shiye tuko karibu na ekweta, kwa hiyo hiyo inakuwa kama saa 3 ya asubuhi mpaka saa 9, mwaka muzima, batoto ba Ulaya mu baridi banakosa hiyo miezi mingi.

Basi mu hiyo masaa muache acheze na kaputula na singileti, mikono na miguu wazi, nusu saa hivi ao kupita, mara kadhaa ku juma. Ngozi nyeusi inakinga jua muzuri ila inatengeneza vitamini D polepole, njo maana zile dakika 10 unasoma ku intaneti ni za bazungu. Ukiogopa joto ya saa 6, chagua saa 4 ao saa 8, umupe kofia na maji ya kunywa. Kumukalisha nyuma ya dirisha haisaidie, kioo inazuia UVB. Na mutoto mwenye albinisimu yeye hapana kabisa: mikono mirefu, kofia, kivuli, na vitamini D yake itoke ku dawa ya munganga.

Bebe wa chini ya miezi 6 usimuweke ku jua kali. Maziwa ya mama iko na mazuri yote lakini vitamini D ni kidogo, kwa hiyo banganga bengi banashauri matone ya unite 400 kila siku, uliza ku santre. Usiende ku farmasi kununua ampule kubwa na kumumiminia tu kwa kinywa juu jirani alisema: jua haiwezi kupitisha vitamini D kipimo, ampule inaweza, kalsiumu (ile madini yenye kujenga mifupa) inapanda mu damu na figo zinaumia.

Na kalsiumu njo kitu watu banasahau. Vitamini D kazi yake kubwa ni kusaidia tumbo kuchukua kalsiumu mu chakula, sasa kama mu sahani kuko fufu ya mihogo tu, jua itafanya nini? Mu miaka ya 1990 banganga kule Nigeria balikuta batoto ba miguu ya kupinda benye banashinda ku jua, kosa ilikuwa kalsiumu. Shiye tuko na sambaza, zile samaki ndogo za ziwa Kivu: kaange, mutoto akule nzima na kichwa na mifupa, mule njo kalsiumu iko, na mwenye kutoa vichwa anatupa dawa. Ongeza maziwa ya Masisi kama mufuko inaruhusu, na mayai.

Muchezo yenyewe, OMS (shirika la afya ya dunia) inasema batoto ba miaka 5 mpaka 17 batikisike dakika 60 kila siku. Kamba, mupira, kusukuma pine na fimbo, yote inafaa. Kubeba bidon ya maji kutoka ku ziwa, ngozi inapata jua, lakini muchezo si hiyo jamani. Juu ya mawe ya volkano bavae viatu, na mbali na barabara ya bamoto. Jambo moja nitakazia: mazuku. Ile gaz karbonike inatoka mu udongo, ni nzito kuliko hewa, inajaa mu mashimo na bonde, zaidi asubuhi mapema na usiku wakati hakuna upepo, na mutoto juu ni mufupi anaanguka wa kwanza. Kama mu kartie yenu kuko shimo penye bambuzi ao kuku zilishakutwa zimekufa, mutoto asishuke pale hata kufuata mupira, na akianguka usikimbilie kumutoa peke yako.

Miguu ya katoto kupinda kidogo mbele ya miaka 2 ni kawaida, inajinyoosha. Lakini kama kupinda kunaongezeka, ao upande mumoja tu, ao viungo vya mikono vimevimba, ao amepita mwaka na nusu hajatembea, muongoze ku hospitali bamupime, rashitisme (ile ugonjwa ya mifupa laini) ikishikwa mapema, mara mingi mifupa inarudi bila opereshoni.