Kupima karata ya kinga katika Magic: The Gathering: hatua kwa hatua kwa meza ya Commander

Karata ya kinga ni zana unayomvalisha kiumbe wako ili asiondolewe mezani. Katika Commander, aina ya mchezo huu wa karata ambapo kiumbe mmoja wa hadhi ya legendary (mwenye jina lake mwenyewe) ndiye kamanda wako, una karata 100 tu, yeye akiwa mmoja wao, kwa hiyo kila zana ilipie nafasi yake.

Hatua ya 1: Andika kamanda wako anavyokufa

Kwa michezo mitano, andika kwenye daftari kila anapoondoka na sababu yake. Amelengwa peke yake, mfano kwa Swords to Plowshares, inayomtoa nje ya mchezo? Ameangamizwa pamoja na viumbe wengine wote kwa Wrath of God? Amepunguziwa uimara hadi sifuri kwa Toxic Deluge? Au umelazimishwa kumtoa kafara? Hapa Mwanza, meza ya Kirumba inaweza kuua kwa njia tofauti kabisa na ya Nyegezi, na wavu wa sangara hauvui dagaa.

Hatua ya 2: Soma neno lenyewe

Hexproof: wapinzani hawawezi kumlenga, wewe unaweza. Shroud: hakuna anayeweza kumlenga, hata wewe mwenye kiumbe. Indestructible: haangamizwi wala hafi kwa majeraha ya vita, lakini anaweza kutolewa nje ya mchezo, kurudishwa mkononi au kutolewa kafara, na uimara ukifika sifuri anakufa.

Ndiyo maana Darksteel Plate, inayompa kiumbe indestructible, pamoja na sifa zake zote, haizuii Swords to Plowshares. Na Lightning Greaves, inayompa shroud, haizuii Wrath of God, kwa kuwa hiyo haimlengi yeyote.

Hatua ya 3: Jumlisha mana, kisha tafuta mtego

Mana ni nguvu unayolipia karata. Lightning Greaves ni mana 2 kuishusha na 0 kuivalisha. Swiftfoot Boots ni 2 na 1. Darksteel Plate ni 3 na 2, yaani 5 kabla haijakinga chochote, na kamanda akifa akarudi unalipa tena 2 za kumvalisha, juu ya zile 2 zinazoongezeka kwenye gharama yake kila anaporudi.

Kwa hesabu hiyo Greaves inashinda, na wengi huishia hapo. Hapo ndipo wanapokosea. Ina shroud, kwa hiyo kiumbe akishaivaa huwezi kumvalisha upanga wala kumwongezea nguvu kwa karata inayolenga. Huwezi pia kuivua tu: lazima uihamishie kwa kiumbe mwingine, na kama hunaye umekwama. Ukiitumia, valisha zana nyingine kwanza, Greaves iwe ya mwisho. Kama una viumbe wachache au unategemea zana nyingi, chukua Boots, inayotoa hexproof. Mana moja ya ziada ni bei ndogo. Zote mbili humwezesha kiumbe kushambulia zamu ileile aliyoshuka, na faida hiyo ihesabiwe.

Hatua ya 4: Pima mwanya

Kuvalisha hufanyika katika zamu yako tu, na mpinzani anaweza kujibu kabla zana haijamfikia kiumbe. Gharama ya sifuri haifuti mwanya huo. Mpinzani akibakiza mana moja nyeupe, inayotosha Swords to Plowshares, hesabu kwamba anaweza kumwondoa palepale. Mithril Coat, ya mana 3, hushuka hata katika zamu ya mwingine na kujivalisha kwa kiumbe wako wa hadhi ya legendary, ikimpa indestructible (kwa hiyo nayo haizuii Swords to Plowshares). Kwa kamanda wa gharama kubwa tunaipendelea.

Hatua ya 5: Hesabu nakala

Kufikia zamu ya tano umeona karata 12 kati ya 99 (kamanda hayumo kwenye fungu). Zana moja utaipata kwa asilimia 12 hivi. Zana tatu zinazofanana kazi, walau moja: asilimia 32. Kama mpango wako wote unamtegemea kamanda, moja haitoshi.

Hatua ya 6: Jaribu kwa karatasi kabla ya kuagiza

Chapisha stationeri, kata milimita 63 kwa 88, ingiza kwenye mfuko wa plastiki mbele ya karata ya zamani. Cheza michezo kumi. Kila unapoivuta, andika: imezuia kifo, imevaliwa bure, au imebaki mkononi. Ikibaki mkononi zaidi ya nusu ya mara hizo, itoe.

Ukiagiza, chukua nakala isiyo na mng'ao (foil). Kwa unyevu wa hapa ziwani, karatasi hunywa maji na tabaka la mng'ao halinywi, karata inapinda, na karata iliyopinda hutambulika hata baada ya kuchanga.